Ua Tulilolivuna Pamoja na Mahindi

Sina hakika kama nastahili kuandika habari za maua. Shule niliishia darasa la nne, na aliyejua maua kwetu alikuwa baba, siyo mimi. Lakini baba hakuacha maandishi, na bibi jirani yangu, ambaye habari hii ni yake kuliko yangu, hakujua kuandika wala hakuona kama amekosa kitu. Nimebaki mimi, na daftari la elimu ya watu wazima ambalo kwenye kurasa za mwisho nilikuwa naandika mambo yangu. Panya wamelila pembeni. Nitasema niliyoyaona, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Baba alikuwa mtunza bustani kwa meneja wa shamba la chai, huko kwetu Dindira, kabla ya Uhuru. Mimi ndiye niliyempelekea chakula cha mchana, na mwisho wangu ulikuwa kwenye wigo, ndani hatukuruhusiwa. Siku moja nimesimama pale na bakuli la makande, nikaona kwa ndani kichaka kilichompita baba urefu. Majani yake yalikuwa ya rangi rangi, manjano, meusi, meupe yenye madoa, na yalikuwa yanafunguka na kujifumba, yanafunguka na kujifumba, na hapakuwa na upepo. Nikasema moyoni, mti huu unapumua. Baba akapitisha mkasi wake karibu, na majani yote yakaruka juu.

Walikuwa vipepeo. Chini yao yalibaki maua ya zambarau, marefu, yameinama kama mikia ya paka. Makande niliyamwaga. Baba hakunigombeza, alicheka mpaka akakaa chini. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na nimeona mengine makubwa, lakini kama mtu akiniuliza lini nilijua kwamba dunia ina mambo, nitamwambia ni siku ile, na makande miguuni.

Uhuru ulipokuja meneja yule alikaa kidogo kisha akaondoka. Aliyekuja baada yake alikuwa Mwafrika mwenzetu, mtu mwema, naye alitaka bustani ile ilimwe kabichi. Simlaumu, watu wanakula kabichi. Baba akafyeka. Lakini kabla ya kufyeka alikata kijiti kimoja, akakizungushia ganda bichi la mgomba, akaja nacho nyumbani, akakichomeka nyuma ya jiko. Jina la mmea huo aliwahi kulitaja kama alivyolisikia kwa meneja, ila lilikuwa refu na nimelisahau. Sisi tuliuita ua la vipepeo, na hatukukosea.

Nilipoolewa na kijana wa kambi ya mkonge karibu na Mnyuzi, ambaye babu yake alitoka mbali kuja kukata mkonge na hakurudi tena kwao, baba alinikatia kijiti cha shubiri moja. Akanikabidhi mbele ya shangazi zangu waliokuwa wananifundisha mambo ya ndoa, akasema, "Hili usilionee huruma." Basi. Shangazi mmoja akadhani anamsema mume wangu, wakacheka. Mimi nilidhani ana maana nisilimwagilie sana. Sikumwuliza. Ni moja ya mambo ninayojilaumu, maana baada ya miaka miwili baba alifariki, nami nilifika kwenye msiba siku ya pili, ameshazikwa.

Kambini hapakuwa na pa kupanda, nikaliweka kwenye debe bovu. Halikufa, na halikukua. Lilikuwa na majani sita, saba. Kisha bei ya mkonge ikashuka, watu wakapunguzwa kazi, na siku hizo ndizo watu walikuwa wanakusanywa kwenye vijiji. Mume wangu akatuandikisha kwenye kijiji kipya upande wa Handeni. Tukapanda lori, mimi na mtoto mgongoni na debe mapajani.

"Wenzio wamebeba kuku," mama mmoja akaniambia mle ndani ya lori, "wewe umebeba kuni."

"Hizi zinachipua, mama."

"Haya. Tukisikia baridi tutakuja kwako kuota moto mbichi."

Kijiji chenyewe kilikuwa nyumba kwa mistari na vigingi vya kupimia viwanja. Jirani yetu upande wa mashariki alikuwa bibi mjane, Mzigua wa palepale. Mstari wetu wote, nyumba kama nane hivi, ulipita katikati ya lililokuwa shamba lake na la marehemu mumewe, na la wazee wa mumewe kabla yao. Nasikia aliulizwa kwenye mkutano akanyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa amekubali. Sikuwapo, kwa hiyo simsemi mtu.

Yeye mwenyewe hakutufanyia ubaya. Siku tuliyoshuka alikuja akasimama anatutazama tunavyohangaika na mabati mawili na kitanda. Nikamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Dindira, bibi. Kwa Washambaa."

Akanizunguka, akanitazama miguu. "Hebu tembea."

Nikatembea hatua mbili tatu.

"Naona mmeanza kupona," akasema. "Nilisikia watu wa milimani mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi, kwa kulima kwenye miteremko."

Wazigua na Washambaa hatukosi la kutaniana, na mimi nililelewa na utani huo. Nikamjibu, "Na nyinyi bibi nilisikia mkiona kichuguu mnatafuta njia ya kukizunguka."

Hapo ndipo alipocheka, na kuanzia hapo tukawa watu wa nyumba moja. Alitukopesha jembe la pili. Alinionyesha kisima ambacho maji yake hayana chumvi. Kila asubuhi aliuliza habari ya mguu wangu mfupi kabla ya kuuliza habari ya mtoto.

Ua la vipepeo nililitoa kwenye debe nikalipanda kwenye kona ya kiwanja, nyuma ya kibanda cha kuogea, pale maji yanapotokea. Kona hiyo ilipakana na kwake. Sikuichagua kwa sababu nyingine yoyote ila maji. Nadhani. Labda pia nilitaka lionekane ukikaa mlangoni. Mume wangu alikuwa anasema maua hayaliwi, kisha akirudi shambani nilimwona anamwagia pale maji yaliyobaki kwenye kibuyu chake. Sikumwambia kuwa nimeona.

Dindira kuna ukungu na baridi, na kule Handeni jua linapiga mpaka udongo unapasuka. Sikutegemea. Lakini mwaka wa pili, wakati wa masika, lilikuwa limefika urefu wa mlango, na asubuhi moja nikatoka na beseni la vyombo nikakuta limetoa mikia yake. Siyo mingi kama ya bustani ya meneja, nisiseme uongo. Labda kumi. Na juu yake walikuwa vipepeo. Sijui walikotoka. Nilikuwa nimekaa pale mwaka na nusu na sikuwahi kuona hata robo yao. Mmoja alikuwa mweusi mwenye ukanda wa kijani kama kioo cha chupa, mkubwa kama kiganja changu. Wengine walikuwa wa rangi ya tope la mfinyanzi, wenye ncha nyeusi na matone meupe. Wadogo walikuwa kama vipande vya karatasi. Wanakaa, wanafungua na kufumba. Nikaweka beseni chini na kukaa pembeni yake. Nilihisi baba yuko nyuma yangu. Harufu ya ua lile ni ya asali, siyo ya kupika, ya asali iliyo bado kwenye sega. Nani aliwaambia? Hilo ndilo nililojiuliza siku nzima. Nyumba hazijafikisha miaka miwili, ua ni moja, pori lote lile, na wao wamejua.

Kuanzia wiki ile bibi hakunitania.

Mtu wa kwingine hawezi kuelewa jambo hilo lina uzito gani. Hakunitukana, hakunipita bila salamu. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akajibu, "Marahaba," akaendelea na kazi yake. Hakuuliza mguu. Kwetu mtani akiacha utani ndipo ujue umemkosea sana, kwa sababu amekufanya kuwa mtu wa heshima, yaani mgeni. Nikapekua moyo wangu. Jembe lake nililirudisha. Mtoto hakuvunja kitu. Nikampelekea mboga ya majani, akapokea kwa mikono miwili na kusema asante sana, na asante ile iliniumiza kuliko angekataa. Mume wangu akasema wazee wana siku zao. Hazikuwa siku, ulikuwa mwezi.

Mwishowe nikamwuliza balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye ni mtoto wa ndugu wa bibi. Nilimkuta anasuka kamba.

"Ndugu balozi, nimemkosea nini bibi?"

Hakujifanya hajui. "Umepanda mti, dada."

"Ule? Ule si mti, ni ua tu."

"Umekuzidi urefu. Unakaribia miaka miwili. Una kuni. Mimi nikiuona nasema ni mti." Akaendelea kusuka. "Sikiliza. Kwetu mtu akipewa mahali pa kulima, atalima mahindi, maharage, muhogo. Vikivunwa, pale panakuwa peupe tena, mwenyewe anapaona. Mti hapana. Anayepanda mti amesema pale ni pake na pa watoto wake. Nawe umeupanda mpakani kabisa."

"Lakini tumeambiwa ardhi ni ya kijiji."

"Ni ya kijiji. Nami ndiye balozi, nakwambia hivyo. Ukiuacha, hakuna wa kukung'olea, na bibi hatakwenda popote kushtaki." Akanitazama. "Mimi nakueleza tu kwa nini hacheki."

Nilirudi nyumbani. Nataka kuwa wa haki hapa, kwa pande zote. Serikali ilikuwa imenipa kiwanja kile, na sisi tulikuwa hatuna pengine pa kwenda. Lakini aliyenipa kwa mkono, kwa jembe na kwa kisima, alikuwa bibi. Alikuwa amenyang'anywa shamba, au amelitoa, sijui neno gani ni sahihi, na kitu kimoja alichobaki nacho ni kwamba kila tukivuna, lile shamba linakuwa peupe na yeye analiona lote kutoka mlangoni kwake, mpaka mwisho. Mimi nikasimamisha kitu mbele ya macho yake. Upande mwingine, kijiti kile kilikuwa ndicho kilichobaki cha mkono wa baba. Nyuma ya jiko kule Dindira kaka zangu walikwisha jenga banda la ng'ombe.

Nilifikiri mpaka mahindi yakakauka. Tulipomaliza kuvuna nikachukua panga nikaenda kwenye kona nikalikata. Nililikata chini kabisa, sawa na ardhi, na nililia, sifichi. Sikung'oa mizizi. Hapa ndipo sina hakika na nafsi yangu. Ardhi ilikuwa imekauka kama tofali na jembe lilidunda, hiyo ni kweli. Lakini kama ningetaka kweli ningemwomba mume wangu na sururu. Sikumwomba.

Nikafunga matawi, nikatia ngata kichwani, nikayapeleka.

"Bibi, nimekuletea kuni."

Aliyatazama majani yake, kwa juu ya kijani na kwa chini meupe kama yamepakwa unga. Alijua ni ya wapi. Akasema, "Unasimama mlangoni kwa nini? Ule mguu mfupi umekwama? Ingia."

Nikaingia, akanipa muhogo wa kuchoma. Hatukuzungumza habari za mti.

Basi nikajua yamekwisha. Kiangazi kikapita, kona ile ikawa nyeupe. Mvua za vuli ziliponyesha mara ya pili nikaenda kuoga, nikaona kisiki kimetoa macho. Siyo jicho moja, ni mengi, yamezunguka pande zote, ya kijivu, laini kama sikio la mwana mbuzi. Furaha yangu haikuchukua hata muda wa kuvuta pumzi, hofu ikaifuata. Bibi ataona mimi ni mwongo. Ataona nilimletea kuni usoni na kuficha mti chini. Nikayafunika na majani makavu. Siku iliyofuata nikayafunua kwa aibu. Wiki zikapita nasema leo nitayakata, leo nitayakata, nayo yanakimbia. Halikukua hivyo hata mara moja kabla sijalikata. Masika yalipofika kati halikuwa urefu wa mlango tena, lilipita paa la kibanda, na badala ya shina moja yalikuwa kumi na zaidi, kila moja limebeba mikia yake.

Bibi alikuwa bado hajasema kitu. Niliona ni afadhali nimwambie mwenyewe kuliko kungoja. Nikaenda asubuhi.

"Bibi, ule mti nilioukata umerudi. Sikung'oa mizizi. Nakuomba uje uone, na ukisema ung'olewe, leo mume wangu ataleta sururu."

"Nimeuona tangu uko kama sikio," akasema. "Ulipokuwa unaufunika na majani nilikuwa nakutazama. Nikasema, huyu anautafutia mti wake blanketi."

Akachukua fimbo yake, tukaenda.

Jua lilikuwa limeanza kuchoma na umande umekwisha. Tulipozunguka kibanda hatukuona maua. Tuliona vipepeo, kama nilivyowaona siku ile ya makande, na zaidi, kichaka kizima kinafunguka na kujifumba. Nilisahau kilichonipeleka pale. Bibi alisimama. Akasema kitu kwa Kizigua, polepole, siyo kwangu. Yule mweusi mwenye ukanda wa kijani akaruka, akazunguka, akatua kwenye kishungi cha kanga yake, naye bibi akabaki amenyoosha shingo kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa, mpaka yule alipoondoka kwa hiari yake.

Kisha akainama, akapenyeza mkono chini ya matawi, akapapasa kisiki.

"Ulikata mpaka hapa?"

"Ndiyo bibi."

"Chini hivi. Na haya yote ni ya mwaka huu?"

"Ya mwaka huu. Hata mimi sielewi."

"Na ukikata tena?"

"Sijui, bibi. Nadhani litarudi."

Alikaa kwenye jiwe la kuogea. Akachora chini kwa fimbo. "Mtama," akasema, "ukiukata vizuri mvua za pili unachipua, unavuna tena palepale. Mtama ni mti?"

"Hapana bibi."

"Kitu kinachokatwa kila mavuno pakawa peupe siyo mti. Ni mazao." Akanitazama kama anayengoja nibishe. "Basi utakivuna. Siku ukimaliza mahindi, siku hiyohiyo, chini kabisa, mpaka nione mlango wa mtu wa mwisho kule. Usikionee huruma. Na kuni ni zangu."

Usikionee huruma. Alisema vile, neno la baba, na hakumjua baba wala hakupata kupanda kilima kwenda Dindira. Nikaelewa wakati huohuo alichonieleza baba mbele ya shangazi zangu, kwamba ua hili uzuri wake unatoka kwenye kukatwa, na ukiliacha kwa mapenzi linakuwa gogo. Sijui kama bibi aliamini kweli kwamba si mti, au alitafuta mlango wa kunipitishia. Nimelifikiria mara nyingi. Alikuwa mtu makini na sheria za kwao, hakuwa wa kuzikunja ovyo. Nadhani yote mawili.

Tukafanya hivyo miaka yote. Mahindi yakishaingia ndani, nakata, nabeba, nampelekea, ananiuliza mguu. Kiangazi anaona shamba lake lote peupe. Masika naona yangu. Majirani waliomba vijiti, na bibi aliwaambia masharti kabla yangu, kwa hiyo mstari wetu wote ulikuwa unachanua pamoja na kunyolewa pamoja. Waliopita njiani walidhani ni zao jipya lililoletwa na bwana shamba.

Mwaka mmoja nilijifungua mtoto wa tatu wakati wa mavuno, na nikaugua baada ya hapo. Mume wangu alivuna peke yake. Ua hakuna aliyelikumbuka, ila mimi, nalo lilikuwa bado lina maua ya mwishomwisho, nami nimelala nafikiri, mwaka huu nitavunja neno langu, na likipita mwaka bila kukatwa litakuwa mti kweli, na bibi hatakuwa na la kufanya ila kuwa mpole kwangu tena. Sikuweza hata kukaa.

Asubuhi nikasikia panga. Mume wangu alikuwa kisimani. Nikajikokota mpaka dirishani.

Bibi alikuwa ameinama kwenye kona, kanga ameifunga kiunoni, anakata. Wakati ule alikuwa mzee sana, alikata shina moja, akapumzika, akakata jingine. Vipepeo walikuwa wanamzunguka kichwani na hakuwafukuza.

"Bibi, acha," nikasema. "Nitamwambia baba watoto."

"Nyamaza, mzazi hakai dirishani." Hakuinua uso. "Umechelewa siku nne. Unataka nianze kukuita mama fulani na kukupa asante?"

Akamaliza. Akakanyaga kisiki kuhakikisha kiko sawa na ardhi, akainuka, akatazama kupitia pale palipokuwa wazi, mbali, mpaka mwisho wa mstari. Kisha akafunga mzigo wake na maua yakiwa bado kwenye matawi, akajitwisha, akaenda zake kwa ule mwendo wake wa pole.

Na wale vipepeo hawakubaki pale kwenye kona. Waliondoka naye. Walimfuata juu ya mzigo, wengine wamekaa kwenye mikia wanafungua na kufumba, wengine wanaruka nyuma, kiwanja kizima, mpaka alipoinama kuingia mlangoni kwake na kuni zake.